Somo la Saba: Kutazama Ndege kwa Baiskeli Bila Kuchoma Mafuta

Mambo ya kukagua kabla ya kulipia safari, darubini au baiskeli

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza:

(a) kupima ukweli wa tangazo la safari inayodaiwa kuwa haitumii mafuta;
(b) kukagua darubini na baiskeli kabla ya kutoa fedha yake;
(c) kupanga safari fupi ya kutazama ndege kwa gharama anayoimudu, na
(d) kujua hatua za kuchukua iwapo atauziwa bidhaa au huduma isiyolingana na maelezo yake.

Utangulizi

Nchi yetu ina zaidi ya aina 1,100 za ndege. Wengi wetu huishi karibu nao bila kuwatazama. Yangeyange hufuata ng'ombe malishoni, chozi hunyonya maua ya mgomba nyuma ya nyumba, mnana husuka viota vyake juu ya matete, na dudumizi huita kichakani mvua inapokaribia. Kuwajua ndege hawa kwa majina, kwa sauti na kwa tabia ni elimu na ni burudani, na haidai kiingilio kikubwa.

Hata hivyo, penye burudani hupatikana biashara, na penye biashara mlaji hana budi kufungua macho. Safari za kutazama ndege huuzwa kwa majina ya kuvutia: safari ya kijani, safari safi, safari isiyotumia mafuta. Vifaa navyo huuzwa kwa tarakimu kubwa ambazo wanunuzi wengi hawazielewi. Somo hili linashughulikia njia moja ya kutazama ndege, yaani kwa baiskeli, bila kuchoma mafuta ya kisukuku. Mafuta ya kisukuku ni nishati iliyotokana na mabaki ya viumbe vilivyofukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Petroli, dizeli, makaa ya mawe na gesi asilia zote zimo katika kundi hilo.

1. Je, jambo hili linawezekana?

Linawezekana, na limekwisha kufanywa kwa kiwango kikubwa kuliko ambacho msomaji atahitaji. Mwaka 2007 kijana Malkolm Boothroyd na wazazi wake waliondoka nyumbani kwao Yukon, kaskazini ya mbali ya Kanada, wakiwa juu ya baiskeli. Kwa muda wa mwaka mmoja waliendesha zaidi ya kilomita 20,000 hadi kufika Florida, wakaona zaidi ya aina 500 za ndege. Mwaka 2014 Dorian Anderson wa Marekani alitumia mwaka mzima kwa namna hiyohiyo: aliendesha baiskeli zaidi ya kilomita 28,000 na kuhesabu zaidi ya aina 600.

Hatuwataji watu hawa ili msomaji aache kazi yake na kuondoka. Tunawataja kwa sababu ya kanuni waliyoifuata. Malkolm na wazazi wake hawakufikishwa kwa gari mahali penye ndege ndipo wapande baiskeli. Safari yao ilihesabiwa tangu mlangoni mwa nyumba. Kanuni hiyo ndiyo kipimo cha kwanza cha somo hili, na mlaji anaweza kuitumia dhidi ya tangazo lolote.

2. Kipimo cha mlango hadi mlango

Tuchukue mfano. Tangazo linasema: "Tazama ndege kwa baiskeli, asilimia 100 bila mafuta." Wateja 4 wanalipa. Asubuhi wanapakiwa ndani ya gari pamoja na baiskeli zao, wanapelekwa kilomita 60 nje ya mji, wanaendesha kilomita 10 kwenye njia ya vumbi, kisha wanarudishwa kwa gari lilelile.

Hesabu yake ni hii. Kwenda na kurudi ni kilomita 120. Ikiwa gari hilo hutumia lita 1 kwa kila kilomita 10, limechoma lita 12 za petroli. Lita 1 ya petroli ikichomwa hutoa takribani kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Kwa hiyo safari "isiyo na mafuta" imetoa takribani kilo 27.6, karibu kilo 7 kwa kila mteja. Kilomita 10 za baiskeli hazikupunguza hata gramu moja ya kiasi hicho.

Hakuna kosa kupanda gari kwenda kutazama ndege. Kosa lipo katika kumwambia mlaji kuwa gari halikuwapo, na pengine kumtoza bei ya juu kwa sababu ya maneno hayo. Kabla ya kulipa, uliza maswali matatu na uombe majibu kwa maandishi:

1. Safari inaanzia wapi, na baiskeli zinafikaje hapo?
2. Je, kuna gari, pikipiki au boti ya injini itakayofuatana na wasafiri katika sehemu yoyote ya safari?
3. Bei niliyotajiwa inajumuisha nini, na ada ya kuingia hifadhini inalipwa na nani?

Muuzaji mkweli atajibu bila kusita. Ikiwa ipo sehemu ya gari, ataieleza, nawe utaamua ukijua unachokinunua.

Ni haki pia kusema kwamba hata baiskeli imetengenezwa kiwandani kwa chuma na nishati, na imesafirishwa kwa meli. Maneno "bila mafuta" yanahusu safari yenyewe tu. Kwa sababu hiyo baiskeli unayoimiliki tayari, au ya mitumba iliyo nzima, ni chaguo bora kwa mazingira na kwa mfuko wako kuliko mpya inayonunuliwa kwa ajili ya matembezi machache.

3. Darubini: tarakimu mbili na rula moja

Darubini ya macho mawili huandikwa tarakimu mbili, kwa mfano 8x42. Tarakimu ya kwanza ni ukuzaji: ndege ataonekana kana kwamba yuko karibu mara 8 zaidi. Tarakimu ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, yaani kile kioo kikubwa kinachoelekezwa kwa ndege. Kioo kipana huingiza mwanga mwingi.

Ukigawa tarakimu ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. Kwa 8x42 ni milimita 5.25, kwa 10x42 ni milimita 4.2, na kwa 30x60 ni milimita 2 tu. Alfajiri na jioni, wakati ndege wengi wanapochangamka, mboni ya jicho hupanuka ili kutafuta mwanga, na duara dogo humpa mtazamaji picha yenye giza. Aidha, ukuzaji unaozidi mara 10 hukuza pia mtetemo wa mikono. Kwa mtu aliyetoka kukanyaga pedeli, darubini ya 8x42, 8x32 au 10x42 inatosha kabisa.

Mwandishi wa somo hili aliyajua haya kwa kuchelewa. Aliponunua darubini yake ya kwanza, maandishi 30x60 yaliyo juu yake yalimwonekea ya maana kuliko 8x42 ya darubini iliyowekwa kando, na bei ilikuwa nusu. Jumamosi iliyofuata aliendesha baiskeli hadi kwenye mabwawa ya chumvi ya Kunduchi. Sululu waliotua hatua hamsini mbele yake walionekana kama vivuli, na kila mmoja alikuwa wawili. Aliporudi nyumbani alichukua rula ya shule akapima kioo cha mbele: milimita 21. Ile 60 haikuwa kipimo cha kitu chochote kwenye kifaa kile. Alirudi kwa muuzaji, akaulizwa risiti. Hakuwa nayo, maana hakuidai.

Ili hayo yasikupate, fanya majaribio yafuatayo dukani, mbele ya muuzaji:

- Pima kwa rula upana wa kioo cha mbele, kioo chenyewe bila fremu yake. Ukikuta tofauti ya milimita moja au mbili, hilo ni jambo la kawaida. Ukikuta 21 badala ya 60, rudisha kifaa mezani.
- Soma bango la mbali. Herufi ziwe moja moja na zenye kingo safi. Ukiona herufi mbili mbili, vioo vya ndani vimepinda, na macho yatakuuma kabla ya nusu saa kwisha.
- Tazama rangi ya vioo. Vioo vya mbele vinavyong'aa wekundu mkali hurudisha nje sehemu ya mwanga, na rangi za ndege hupotoshwa. Kwa kazi ya kutambua ndege, rangi ndiyo nusu ya jibu.
- Zungusha gurudumu la kurekebisha. Lizunguke kwa ulaini, bila kukwama wala kulegea.

Kama bei ya darubini nzuri haimudiki kwa sasa, anza bila darubini. Macho, masikio na daftari humtosha mtu kujifunza ndege 20 wa kwanza wa mtaa wake. Kuhusu simu, zipo programu za bure za kuhifadhi orodha za ndege, kwa mfano eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani pamoja na washirika wake. Usilipie kwa mtu wa kati kitu kinachotolewa bure.

4. Baiskeli: kagua kabla ya kukanyaga

Baiskeli ya kutazama ndege si ya mashindano. Inatakiwa iwe imara, itulie, na isipige kelele. Mnyororo mkavu unaolia huwafukuza ndege, na kabla ya hapo huwa umekwisha kuchosha miguu.

Unaponunua baiskeli, hasa ya mitumba, kagua yafuatayo:

- Breki. Sukuma baiskeli mbele huku umefunga breki ya mbele, kisha ya nyuma. Gurudumu lisizunguke. Breki za vyuma virefu, za baiskeli nyingi za mizigo, hudhoofika sana rimu zikilowa. Uendeshe taratibu wakati wa mvua.
- Magurudumu. Yainue na kuyazungusha. Yakiyumba kushoto na kulia, rimu imepinda au spoku zimelegea.
- Fremu. Tafuta nyufa na rangi iliyopakwa upya kwenye viungo, hasa karibu na usukani na chini ya pedeli. Rangi mpya mahali pamoja pekee hufunika alama ya kuchomelea.
- Tairi. Mpira usiwe na mipasuko ubavuni. Kiasi cha upepo kinachotakiwa huandikwa ubavuni mwa tairi.
- Kiti. Ukikaa na pedeli ikiwa chini kabisa, goti likaribie kunyooka. Kiti kikiwa chini mno, magoti huumia.

Kwa baiskeli ya mitumba inayouzwa na mtu binafsi, dai hati ya mauziano yenye majina ya pande zote mbili, namba ya fremu, bei na tarehe, ishuhudiwe na ofisi ya serikali ya mtaa. Hati hiyo itakulinda usije ukaonekana mpokeaji wa mali ya wizi.

Tenga sehemu ya bajeti kwa vitu vidogo vinavyookoa maisha: kofia ngumu, taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, kizibao kinachoakisi mwanga, kengele, pampu na vifaa vya kuziba pancha. Mtu anayetaka kufika kwa ndege saa 12 asubuhi huondoka kwake kungali giza, na dereva wa lori hawezi kumkwepa mtu asiyemwona.

5. Baiskeli ya umeme

Wapo wanaouliza kama baiskeli ya umeme imo katika somo hili. Jibu linategemea mahali umeme unapotoka. Umeme wa gridi yetu huzalishwa kwa nguvu za maji na kwa gesi asilia, na gesi asilia, kama tulivyoeleza, ni nishati ya kisukuku. Kwa hiyo baiskeli inayochajiwa kwenye gridi hutumia mafuta ya kisukuku kidogo, lakini haistahili kuuzwa kwa maneno "bila mafuta kabisa". Ikichajiwa kwa sola, maneno hayo hukaribia kweli.

Jambo la pili ni umbali. Muuzaji akikuambia betri itakwenda kilomita 100, muulize volti na saa za ampea, kisha uzidishe. Betri ya volti 36 na saa za ampea 10 ina wati-saa 360, yaani uniti 0.36 ya umeme. Kwa matumizi ya wati-saa 10 hadi 15 kwa kilomita, huku ukisaidia kwa miguu, betri hiyo itakupeleka takribani kilomita 24 hadi 36. Kilomita 100 zitatimia tu ikiwa kazi kubwa itafanywa na miguu yako. Uliza pia bei ya betri mpya na mahali inapopatikana, kwa kuwa betri huchakaa kabla ya fremu.

6. Kupanga safari

Mwanzoni, chagua mzunguko usiozidi kilomita 15 kutoka nyumbani. Mwendo wa kawaida wa baiskeli ya mjini ni kilomita 12 hadi 15 kwa saa, na utasimama mara nyingi. Pitia njia hiyohiyo kila wiki. Ndege wa mahali hubadilika kwa majira, na anayerudi palepale ndiye huona mabadiliko hayo.

Kwa msomaji anayeishi Tegeta au Mbezi Beach, mabwawa ya chumvi ya Kunduchi ni mfano mzuri. Ndege wa pwani hula kwenye tope maji yanapokupwa; maji yanapojaa hukosa pa kusimama, na wengi hukusanyika kwenye kingo za mabwawa. Basi tazama majira ya maji kabla ya kuondoka, na ufike bahari ikiwa inajaa. Kati ya Septemba na Aprili utawakuta pia wageni waliovuka kutoka Ulaya na Asia ya kaskazini kukimbia baridi ya huko. Mabwawa hayo ni mahali pa kazi za watu: omba ruhusa, usikanyage kingo zinazojengwa, na usiegemeze baiskeli juu ya chumvi ya mtu.

Kwa msomaji wa Shinyanga au Tabora, ambako baiskeli ni usafiri wa kila siku, majaruba ya mpunga na kingo za mabwawa ya maji zinatosha. Chukua njia uliyoizoea ya kwenda shambani, ila uondoke nusu saa mapema.

Zingatia adabu za kazi hii. Usikaribie kiota, maana mzazi akiruka mayai hubaki juani. Usirudierudie kupiga sauti za ndege kwa simu ili kuwavuta, kwa kuwa huacha kula na kulea ili kumfukuza mpinzani asiyekuwapo. Usinunue ndege wa porini aliyefungwa, hata kwa nia ya kumwachia; fedha yako ndiyo itakayomtuma mtegaji arudi kutega wengine.

Kabla ya kwenda hifadhini, uliza kama baiskeli zinaruhusiwa, kwa kuwa penye wanyama hatari huwa na masharti yake. Ada za Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na hutolewa stakabadhi. Usimkabidhi mtu yeyote fedha mkononi langoni.

7. Ukidanganywa

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu aina, ubora au sifa za bidhaa na huduma. Darubini iliyoandikwa 60 huku kioo kikiwa milimita 21 ni upotoshaji. Safari iliyotangazwa kuwa bila mafuta huku gari likichoma lita 12 ni upotoshaji vilevile. Chukua hatua hizi kwa utaratibu:

1. Hifadhi risiti ya mashine ya kielektroniki, picha ya tangazo na ujumbe wote wa simu.
2. Rudi kwa muuzaji mapema, ueleze kasoro kwa maandishi na utaje unachotaka: kubadilishiwa, kutengenezewa au kurudishiwa fedha.
3. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani. Ikiwa kasoro inahusu usalama au kiwango cha bidhaa, toa taarifa pia Shirika la Viwango Tanzania.

Bila risiti, hatua ya kwanza hukwama, na mbili zinazofuata huwa ngumu.

Maswali ya kujipima

1. Darubini ya 10x50 ina duara la mwanga la milimita ngapi? Linganisha na 8x42.
2. Tafuta tangazo moja la safari ya asili. Litumie kipimo cha mlango hadi mlango, kisha uandike ni lita ngapi za mafuta hazikutajwa.
3. Betri ya volti 48 na saa za ampea 10 ina wati-saa ngapi? Kwa wati-saa 15 kwa kilomita, itakwenda umbali gani?
4. Kagua baiskeli ya nyumbani kwako kwa kufuata sehemu ya 4. Ni kasoro gani ungeweza kuitumia kupunguza bei kama ungekuwa mnunuzi?
5. Andika ndege 5 unaowaona bila kutoka mtaani kwako. Ikiwa hukufikisha 5, kaa nje kesho saa 12 asubuhi kwa robo saa, kisha urudie swali.

*Majibu: swali la 1, milimita 5, ikikaribiana na 5.25 ya 8x42; swali la 3, wati-saa 480, kilomita 32. Maswali mengine majibu yake yako kwako.*